Namna ya Kumchangisha Mtu Laki Moja kwa Mantiki ya Aristotle

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wenyeviti wa kamati za harusi, ila utawafaa pia wagombea udiwani, wachambuzi wa mpira na mashemeji wanaokopa. Sharti la kuutumia ni moja tu: uwe na jambo unalotaka watu walikubali, na usiwe na sababu ya kutosha. Aliye na sababu ya kutosha aishie hapa. Aitaje sababu yake, akae chini, watu wanywe soda waende makwao.

Wewe uliyebaki, karibu. Chombo tutakachotumia si kipya. Aristotle, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, alikieleza katika kitabu kinachojulikana kama Analytica Priora. Kauli mbili zikishiriki neno moja, huzaa kauli ya tatu. Kila mwanakamati ni ndugu. Kila ndugu ana deni. Basi kila mwanakamati ana deni. Neno “ndugu” hapo limefanya kazi ya mshenga: limewakutanisha wawili wasiojuana, kisha siku ya hitimisho halionekani. Hiyo ndiyo silojismi. Katika karne ya 13 walimu wa Ulaya waliipa aina hii jina la Barbara, kwa kuwa jina hilo lina A tatu, na A ilikuwa alama yao ya kauli ya jumla inayokubali, yaani yenye “kila” na isiyo na “si”. Usimtafute Barbara kwenye orodha ya wageni.

Ubaya wa silojismi moja ni ufupi wake. Mtu anaiona yote kwa mara moja, mkia na kichwa, na hata aliyesinzia anaweza kuuliza, “Ndugu gani? Deni gani?” Kwa hiyo mwenyekiti makini hatumii silojismi moja. Huziunga. Hitimisho la ya kwanza hugeuka kuwa kauli ya kuanzia ya pili, la pili huanzisha ya tatu, na kuendelea hadi pale unapotaka kufika. Ukiyaacha mahitimisho ya katikati bila kuyatamka, ukabakiza kauli za kuanzia na neno la mwisho tu, umepata kile wanamantiki wanachokiita soriti. Sisi tutasema mnyororo.

Simama, safisha koo, useme hivi:

Kila aliyehudhuria kikao hiki ni mwanakamati. Kila mwanakamati ni ndugu wa bwana harusi. Kila ndugu ana deni. Kila mwenye deni anapaswa kulipa. Kila anayepaswa kulipa anapaswa kulipa laki moja kabla ya Ijumaa. Kwa hiyo kila aliyehudhuria kikao hiki anapaswa kulipa laki moja kabla ya Ijumaa.

Makofi. Mweka hazina afungue daftari.

Sasa, makofi yakiendelea, tukague kilichofanyika. Kauli zilikuwa tano. Ndani yake mna silojismi nne, maana kila kauli inayoongezwa baada ya ile ya kwanza huja na silojismi yake. Nne huzaa mahitimisho manne, nawe umetamka moja. Matatu umeyameza. La kwanza ni hili: kila aliyehudhuria kikao hiki ni ndugu wa bwana harusi. Itazame sebule. Yumo kijana aliyeletwa kutaja bei ya turubai na viti. Yumo MC ambaye bado hamjapatana. Yumo jirani aliyeingia kuuliza gari lililoziba geti lake ni la nani, akapewa soda, akakaa. Hawa watatu hawakubisha walipoitwa wanakamati, kwa kuwa ni heshima, na mtu hakatai heshima soda ikiwa mkononi. Lakini ungetamka kwa sauti kwamba wote waliomo humu ni ndugu wa bwana harusi, yule wa turubai angekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Hukutamka. Ulipita juu ya hitimisho hilo kwa kasi, na alipofika kwenye “deni” alikuwa amekwishasahau kwamba aliingizwa kwenye ukoo.

Basi kanuni ya kwanza na kubwa kuliko zote: mahitimisho ya njiani yamezwe. Jambo hili lilikwishafundishwa, tena kwa mashairi. Katika Al-Sullam al-Munawraq, utenzi wa mantiki uliotungwa na al-Akhdari wa Algeria katika karne ya 16 na ambao wanafunzi wa madrasa wameuhifadhi vizazi kwa vizazi, hoja ya mnyororo imegawanywa mafungu mawili: ile inayotaja mahitimisho yake njiani na ile inayoyaacha kando. Al-Akhdari anasema zote mbili ni sawa. Kimantiki hakukosea, kwani viungo vikiwa vizima, kuvitaja au kutovitaja hakubadili kitu. Ila alikuwa na umri wa miaka 21, na ndani ya utenzi wenyewe ameomba asamehewe kwa ujana wake. Kijana wa miaka 21 ni nadra kukabidhiwa uenyekiti wa kamati ya harusi.

Kanuni ya pili inahusu mpangilio, na hapa tunamshukuru Mjerumani. Mnyororo tuliousoma hapo juu huitwa wa Aristotle: huanza na watu waliomo sebuleni na kupanda hadi laki moja. Una kasoro ya kibiashara. Neno la kwanza kabisa ni “kila aliyehudhuria kikao hiki”, na mtu akisikia anatajwa, hukaa sawa. Rudolf Göckel, profesa wa Marburg aliyeishi kati ya 1547 na 1628, aliandika katika kitabu cha mwaka 1598 kuhusu mnyororo unaokwenda kinyume. Ndiyo maana hadi leo unabeba jina lake la Kilatini, Goclenius. (Huyu pia ni miongoni mwa watu wa kwanza kuchapa kitabu chenye neno “saikolojia” kwenye jalada, mwaka 1590. Mwenyekiti atakayesema hili kikaoni hataulizwa tena swali lolote usiku ule.)

Kwa mtindo wa Göckel unaanza na yale ya mbali, yasiyomgusa mtu. Kila anayepaswa kulipa alipe laki moja kabla ya Ijumaa: sawa, anayepaswa ni yeye, sisi inatuhusu nini? Kila mwenye deni anapaswa kulipa: kweli kabisa, hata dini zinasema. Kila ndugu ana deni: vichwa vinatikisika, mama mmoja anasema “eeh”. Kila mwanakamati ni ndugu. Na ninyi nyote mliohudhuria ni wanakamati. Kauli ni zile zile, hitimisho ni lile lile, lakini geti limefungwa wote wakiwa ndani. Wamekubali bei kabla ya kujua mnunuzi ni nani. Göckel alikuwa akipanga kauli ili wanafunzi wazielewe, hakuwa na nia hiyo. Sisi tunayo.

Kanuni ya tatu ni kubadilisha neno huku ukiliacha jinsi lilivyo. Aristotle aliona kwamba katika hoja zilizounganishwa hivi, istilahi huzidi kauli kwa moja: kauli mbili, istilahi tatu, kauli tano, istilahi sita. Hesabu istilahi za mnyororo wetu: aliyehudhuria, mwanakamati, ndugu, mwenye deni, anayepaswa kulipa, anayepaswa kulipa laki moja kabla ya Ijumaa. Sita. Safi kabisa, mkaguzi atasaini. Lakini hesabu tena polepole. Mwanakamati ni “ndugu” wa bwana harusi kama vile mtu yeyote anavyoitwa ndugu kwenye barua ya ofisi. Anayedaiwa ni ndugu wa damu, yule aliyekula kwa mama yake bwana harusi miaka mingi. Hao ni wawili. Tena ndugu wa damu ana “deni” la upendo, na anayepaswa kulipa ni mwenye deni la fedha. Hao nao ni wawili. Istilahi zimekuwa nane, kauli bado ni tano, na mnyororo umekatika mahali pawili bila mlio wowote. Ndiyo raha yake. Mnyororo wa chuma ukikatika unasikika.

Usidhani hila hii ni ya mitaani. Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi, katika barua yake ya 85 kwa Lucilius, anaueleza mnyororo wa Wastoa unaomchukua mtu mwenye busara na kumfikisha kwenye furaha: mwenye busara ana kiasi, mwenye kiasi ni imara, aliye imara hafadhaiki, asiyefadhaika hana huzuni, asiye na huzuni ana furaha. Hatua hadi hatua, na busara peke yake imetosha. Wafuasi wa Aristotle waliingia kupitia maneno ya katikati. Asiyefadhaika, walisema, ni yule anayefadhaika mara chache na kwa kiasi, si yule asiyefadhaika kabisa. Seneca anakasirika na kuendelea kurasa kadhaa. Hawakuigusa busara, hawakuigusa furaha. Waligusa viungo vya katikati tu. Chukua funzo hili kama mshambuliaji na kama mlinzi: wakikubana, sema neno lako lilikuwa na maana ya wastani, wakikuachia, litumie kwa maana kali.

Sasa tunafika kwenye sheria, ambazo unapaswa kuzijua ili uzivunje kwa adabu. Katika mnyororo wa Aristotle, kauli yenye “baadhi” inaruhusiwa moja tu, nayo sharti iwe ya kwanza. Kauli yenye kukanusha inaruhusiwa moja tu, nayo sharti iwe ya mwisho. Kwa Göckel ni kinyume chake: kanusho mwanzoni, “baadhi” mwishoni. Sheria hizi hazikutungwa ili kuwatesa wanafunzi. Chukua mjomba wa bibi harusi. Kila mjomba wa bibi harusi anaishi Dar es Salaam. Baadhi ya wanaoishi Dar es Salaam wana magari manne. Kwa hiyo mjomba ana magari manne, mwandikieni milioni mbili. “Baadhi” imekuja kwenye kauli ya pili badala ya ya kwanza, na hakuna anayejua kama wajomba wamo kwenye baadhi hiyo au wamo kwenye foleni ya mwendokasi pamoja na wengine. Kimantiki hapo hakuna hoja hata kidogo. Kikamati hiyo ndiyo njia iliyozoeleka ya kupanga viwango.

Na kanusho? Hakuna mlevi aliye mwanakamati. Kila mwanakamati ni mwaminifu. Kwa hiyo hakuna mlevi aliye mwaminifu. Inavutia masikioni, na wanakamati watapiga meza kwa furaha. Lakini kusema wanakamati ni waaminifu hakujafunga mlango wa uaminifu kwa walio nje ya kamati. Yule mlevi anaweza kuwa mwaminifu kumzidi mweka hazina, na kwenye kamati nilizozishuhudia nisingeweka dau upande wa mweka hazina.

Ukiona “kila” inakubana, maana mtu mmoja tu asiyefaa huiangusha, itupe na uchukue “wengi”. Neno hili ni la dhahabu. Linasikika kama mdogo wake “kila”, na watu hulisamehe hivyo. Ila haliungiki. Jaribu: marubani wengi ni wanaume, wanaume wengi hawajawahi kurusha ndege, kwa hiyo marubani wengi hawajawahi kurusha ndege. Kauli mbili za kweli, hitimisho la kukufanya ushuke kabla mlango haujafungwa. Sababu ni kwamba “wengi” wa kundi kubwa si lazima wawe wamo ndani ya kundi dogo ulilotoka nalo. Katika mnyororo mrefu hakuna anayekumbuka ulitoka na kundi gani. Wachambuzi wa mpira wanaishi kwa kauli hii, na wanaishi vizuri.

Kama msikilizaji wako ni mtu wa hesabu, hapo pana hatari kidogo. Ataweza kukuambia kwamba viungo vitano visivyotegemeana, kila kimoja kikiwa na uhakika wa asilimia 90, vikizidishwa vinakupa karibu asilimia 59. Ukifikisha saba unabaki na kama 48, na hapo kurusha sarafu kunakushinda. Mjibu kwamba kila kiungo ulichosema ni karibu hakika, jambo ambalo ni kweli, kisha uulize kama kuna mwenye swali jingine.

Kuna mnyororo mwingine usiotumia “ni” kabisa, na huu utumie pale wanawake wa ukoo wakiwapo. Mwandishi wa Kigiriki Plutarch anasimulia kwamba Themistocles, kiongozi wa Athens, alimtania mwanawe kwamba ndiye mwenye nguvu kuliko Wagiriki wote: Waathene wanawaamuru Wagiriki, Themistocles anawaamuru Waathene, mama mtoto anamwamuru Themistocles, na mtoto anamwamuru mama. Mzaha wenyewe ni mtamu kwa sababu kila kiungo ni kweli kwa jambo lake. Athens inaamuru juu ya manowari, mama anaamuru nyumbani, mtoto anaamuru juu ya kinachopikwa. Ukiunganisha amri zisizo za jambo moja, unapata mtoto anayeendesha meli za kivita. Silojismi za Aristotle hazikuwa na vifaa vya kushughulikia maneno kama “anamwamuru” au “ni mrefu kuliko”. Kazi hiyo ilisubiri watu kama Augustus De Morgan katika karne ya 19. Wewe usisubiri. Binti wa miaka sita anamwamuru mama yake, mama anamwamuru baba, baba ndiye mfadhili mkuu wa harusi. Sare itakuwa ya rangi ya waridi na haina mjadala.

Ukitaka kuona kazi hii ikifanywa na bingwa, msome Lewis Carroll, yule wa hadithi za Alice. Jina lake halisi lilikuwa Charles Lutwidge Dodgson, na alifundisha hisabati Christ Church, Oxford. Mwaka 1896 alitoa kitabu kiitwacho Symbolic Logic, kilichojaa minyororo ya kuchekesha. Mmoja una kauli kumi: unaanza na paka waliomo nyumbani, unapita kwenye mwezi na panya, unaishia kwa msemaji kukiri kwamba humkwepa kangaruu siku zote. Kila hatua ni halali, hakuna kiungo kilichokatika. Upuuzi wote umo kwenye kauli za kuanzia, na mantiki imeubeba kwa uaminifu hadi mwisho, bila kumwaga tone. Carroll aliwapa wasomaji kauli hizo zikiwa zimevurugwa, akawataka wazipange wenyewe. Wewe zivuruge vivyo hivyo, ila usiwaombe wazipange.

Lakini mwaka mmoja kabla, 1895, huyo huyo Carroll alichapisha katika jarida la Mind kisa kifupi ambacho mwenyekiti yeyote anapaswa kukiogopa. Kobe anazungumza na Achilles. Anakubali kauli ya kwanza, anakubali ya pili, lakini hakubali hitimisho mpaka iandikwe kauli nyingine inayosema kwamba zile mbili zikiwa kweli basi na hitimisho ni kweli. Achilles anaiandika. Kobe anaikubali, kisha anataka iandikwe nyingine inayosema kwamba hizo tatu zikiwa kweli basi hitimisho ni kweli. Daftari linajaa na hitimisho halifiki.

Kila kamati ina kobe wake. Mara nyingi ni shangazi mstaafu aliyekuwa mhasibu, anakaa karibu na mlango, hanywi soda. Usimpinge. Kobe wa Carroll anasumbua kwa kudai kauli zisizo na mwisho. Huyo mpe nafasi adai, mwandishi wa kikao aandike, na ikifika saa nne usiku watu wenyewe watamwomba anyamaze. Anayepaswa kukutia wasiwasi ni shangazi wa aina nyingine, yule asiyeongeza kauli hata moja. Anaomba tu urudie mnyororo wako polepole, na baada ya kila kauli mbili anauliza, “Kwa hiyo tumefika wapi mpaka hapa?” Swali hilo linakutapisha mahitimisho uliyoyameza, moja baada ya jingine, mbele ya watu. La kwanza likitoka, kijana wa turubai atajua kwamba hana undugu na mtu humo ndani. La pili likitoka, MC atachukua koti lake.

Kwa hiyo angalia mikono ya watu unapozungumza. Ukimwona shangazi anatoa kalamu mkobani na kuomba karatasi, usimalizie sentensi uliyoianza. Mshukuru kila mtu kwa kuhudhuria, taja tarehe ya kikao kijacho, na mwombe mzee yeyote aliye karibu afunge kwa sala.